Mwanamke Aliyekuja Bila Machozi

Pasta Hategekimana ameuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mlango wa nyuma wa kanisa umefunguka. Sauti ya mwanamke imesema, "Miye niko na neno," na Kamikazi, ndani ya robe nyeupe ya bibi harusi, bado hajageuka kutazama. Hapo ndipo wiki iliyopita karatasi iliponiishia.

Barua na ujumbe wenu nimevisoma. Wengi mmeapa kwamba mwanamke huyo ametumwa. Wengine mmemtaja hata aliyemtuma: shangazi Emerance, yule mkavu wa uso, asiyecheka hata akipewa zawadi. Kumbukeni mlichoandika. Kamikazi naye aliwaza hivyohivyo, tena haikumchukua dakika.

Aligeuka.

Mwanamke alikuwa amefika katikati ya viti. Kitenge kimepauka, kandambili zina tope, mtoto wa kike wa miaka kama mitatu amejibanza kiunoni pake. Hakuwa analia. Hakuwa na picha mkononi. Alitembea polepole kama mtu anayekwenda kupanga foleni ya maji, akasimama hatua tano mbele ya maharusi, akasema anaitwa Mwavita na ametoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, asubuhi ile kwa miguu.

"Huyu bwana ni wangu," alisema. "Tulioana miaka sita sasa. Sikukuja kuharibu feti ya mutu. Nilikuja kusema tu, kusudi kesho musiseme hamukujua."

Ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Kanisa zima liliinua simu. Mtu wa viti vya nyuma akasema kwa sauti ya kutangaza, "Sehemu ya mia moja na ishirini," na watu wakacheka, kwa sababu kila aliyekuwa mle alishaiona sehemu hiyo mara nyingi kwenye filamu za mfululizo. Bibi harusi mwema, bwana harusi msafi, na mwanamke anayeingia na mtoto dakika ya mwisho. Kila mtu alijua inavyoishia.

Kamikazi alijua kuliko wote.

Huyu Kamikazi, kwa wewe unayeanza leo, ni fundi cherehani wa soko la Kamembe, mwenye miaka thelathini na moja. Alizaliwa Bukavu, akafiwa na wazazi akiwa na miaka tisa, akalelewa na shangazi yake Emerance, ambaye ndiye aliyemvusha kurudi Rwanda. Baba yake alimwachia kitu kimoja: nyumba ya matofali na shamba la kahawa huko Giheke. Emerance anaishi humo mpaka leo.

Kwa miaka miwili rafiki yake mkubwa alikuwa Aurore, mwanamke wa Bukavu anayevusha dagaa waitwao sambaza kuja kuuza upande huu. Jioni walipofunga biashara walikwenda chumbani kwa Aurore kutazama filamu za mfululizo, zile zilizotafsiriwa, ambamo sauti ya mwanamume mmoja husema maneno ya kila mtu, ya bibi kizee na ya mtoto mchanga. Aurore alikuwa mwalimu mzuri. Alisimamisha picha, akaeleza. Huyu anayenuna ndiye adui. Huyu anayelia ndiye mkweli. Na harusi ikikaribia, alisema, lazima aje mmoja na mtoto, na kila mara ni mtu wa kutumwa.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hii alimwambia Kamikazi, wakiwa wanakula mahindi, kwamba hata kwake watamtuma mtu. Kamikazi alicheka. Aurore hakucheka.

Sasa Aurore alikuwa amesimama nyuma yake kama mpambe wake, ameshika maua. Aliinama sikioni.

"Si nilikuambiaka?"

Muhigirwa, bwana harusi, mfanyabiashara wa mchele wa Bugarama, alipiga magoti palepale. Alimshika Kamikazi mkono, machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai. Alisema Mungu wake anajua, mama huyu hajawahi kumwona, mtoto huyu hajawahi kumwona. Alilia vizuri. Wanawake wa kwaya walilia naye.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akatoa wazo kwamba mtoto aachwe aende kwa huyo anayeitwa baba yake, kila mtu aone. Mwavita alimsukuma mtoto kidogo kwa mkono. Mtoto alimtazama Muhigirwa, akarudi kuficha uso ndani ya kitenge.

Kanisa lilishusha pumzi. Huo ndio ulikuwa ushahidi. Mtoto wa kweli hukimbia, hunyoosha mikono, huita papa. Hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu kwamba mtoto wa miaka mitatu, ambaye baba yake alimwacha akiwa na mwaka mmoja, hana wa kumkimbilia.

"Nani amekutuma?" Kamikazi aliuliza.

Mwavita aliinamisha macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana kushikwa na jambo.

Basi. Kamikazi alitafuta kwa macho mpaka akafika pale alipoketi shangazi yake, mstari wa tatu, mikono juu ya magoti. Shangazi ambaye aliikataa ndoa hii tangu siku ya posa. Shangazi ambaye hata leo alikuwa amenuna.

"Shangazi, ni weye," alisema mbele ya watu mia mbili. "Ulitaka nizeekee kwako, nikulimie kahawa mpaka nife. Hukuzaa, sasa hutaki na mimi nizae."

Maneno mengine yakitoka hayarudi. Emerance alisimama, akaweka sawa vazi lake la umushanana begani, akatoka kwa mlango uleule alioingilia Mwavita. Mtu mmoja alipiga makofi.

Hapa Kamikazi alitegemea pasta afunge kitabu cha pingamizi na kufungua cha baraka. Pasta Hategekimana hakufanya hivyo. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba ndoa ya serikali ilikwisha kufungwa Alhamisi kwenye ofisi ya sekta, na kilichobaki ni baraka. Baraka inaweza kungoja saa moja. Akawataka bwana harusi, bibi harusi na mama huyu waende ofisini kwake.

Muhigirwa alisema sawa, ila kwanza atoke nje ampigie baba yake simu, maana ndani hakuna mtandao. Aurore akaokota koti la Muhigirwa lililokuwa kwenye kiti, akasema anampelekea, mvua imeanza.

Wakatoka wote wawili.

Kamikazi alikaa kwenye benchi la ofisi ya pasta akiwa hana wasiwasi hata kidogo. Nataka mwelewe hilo. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu aliyefundishwa. Alijua kwamba mwanamume aliyesingiziwa hutoka kwa hasira, hukimbia mvuani, kisha hurudi na ushahidi, ameloa, na watu wote huona aibu. Alikuwa ameandaa hata atakachosema akirudi.

Mvua ilipiga mabati. Kwaya iliimba wimbo uleule mara tatu. Wageni walianza kusogea upande wa ukumbi mmoja mmoja, maana chakula hakina pingamizi.

Saa moja ikaisha. Ya pili ikaingia.

Katika muda huo pasta alikuwa anamuuliza Mwavita maswali ya kawaida kabisa. Ana cheti cha ndoa? Hana. Muhigirwa aliondoka na karatasi zote ndani ya sakoshi, hata ya kuzaliwa ya mtoto. Ana picha? Zilikuwa ndani ya simu, na simu aliiuza mtoto alipougua mapafu. Kamikazi nusura acheke. Hata waongo wa filamu huja angalau na picha.

Pasta alifungua faili la ndoa, akatoa nakala ya karatasi ya sekta, akasoma kwa sauti ili kuona kama kuna kosa. Jina la mume. Jina la mke. Kisha majina ya mashahidi walioapa kwamba mume hana ndoa nyingine popote. Shahidi wa kwanza, Aurore.

Mwavita aliinua kichwa. Aliomba jina hilo lirudiwe.

Pasta akalirudia.

"Huyu dada aliyebeba koti lake?" Mwavita aliuliza. "Nilimuona nyuma ya maua, nikasema hapana, nimekosea, amefanana naye tu. Aurore ni dada yake. Mama moja, baba moja. Ni yeye alinisukaka nywele siku ya ndoa yangu."

Kamikazi alijishika kichwa, na vidole vyake vikagusa mistari ya nywele ambayo Aurore aliisuka alfajiri ile huku akiimba.

Mtu akipigwa ngumi huanguka mara moja. Akisalitiwa, huanguka kidogo kidogo, kila jambo kwa zamu yake. Kwanza Kamikazi alikumbuka kwamba ni Aurore aliyemletea Muhigirwa dukani, akamwita mteja wangu, mtu wa Mungu. Kisha alikumbuka kwamba hawakuwahi kusema mbele yake hata neno moja kwa Kimashi, lugha ya kwao Bukavu, watu wawili wa kutoka mtaa mmoja. Kisha zile jioni. Yale mafundisho. Aurore hakuwa anamweleza filamu. Alikuwa anamfunga macho mapema, ili siku mke wa kweli atakapoingia, amwone mwongo.

Halafu akakumbuka karatasi.

Alhamisi, walipotoka sekta, Muhigirwa na Aurore walimpitisha kwa notari, mtu wa kuthibitisha hati. Ilikuwa karatasi ya kumpa mume mamlaka ya kushughulikia shamba la Giheke kwa niaba yake, ili jina la mume liongezwe kwenye hati bila yeye Kamikazi kuacha kazi na kupanga foleni. Alitia saini akicheka, kalamu ikiwa ya Aurore. Katika filamu zote alizotazama, hatari ilikuwa sumu ndani ya glasi, breki za gari zilizokatwa, mto juu ya uso wa mgonjwa. Hakuna muovu hata mmoja aliyemjia mtu na karatasi ya ofisi.

Alipiga simu ya Muhigirwa. Imezimwa. Akapiga ya Aurore. Imezimwa.

Pasta alimweleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Kama Muhigirwa kweli ana ndoa Bukavu, hii ya Alhamisi ni bure, na kwa msingi huo karatasi ya shamba inaweza kusimamishwa kabla hajamuuzia mtu. Lakini bila cheti, mwenye kulisema jambo hilo mbele ya sheria ni mmoja tu. Akamtazama Mwavita. Mwavita akasema yupo tayari, ndilo lililomleta.

"Ila kwanza," pasta alisema, "wewe Kamikazi una mahali pa kwenda."

Hakuuliza ni wapi.

Pikipiki mbili zilipanda kwenda Giheke, Kamikazi mbele na robe ameikusanya mapajani, Mwavita nyuma na mtoto. Walimkuta Emerance uani. Alikuwa ameshavua nguo za kanisani, ameketi kwenye kigoda, anapukuchua maharage ndani ya ungo. Hakusimama.

Kamikazi alipiga magoti kwenye tope. Aliomba msamaha kwa maneno mengi, akaeleza na habari ya karatasi, akalia kilio chote ambacho hakukilia kanisani. Alisema ameingiliwa na shetani, alisema hana mama mwingine. Kisha akainamisha kichwa akingoja mkono wa shangazi umwinue. Ndivyo inavyokuwa. Mkosaji akipiga magoti, mama mkali huvunjika, wanakumbatiana, muziki unaanza.

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo.

"Simama," Emerance alisema. "Robe ni ya kukodi."

Kamikazi alisimama.

"Uliniuliza mbele ya batu kama ni mimi nilimutuma. Sasa nakujibu. Ndiyo, ni miye. Nilivuka mara mbili, nikaulizauliza kwa bamama ba mupakani mpaka nikamupata. Nilimwambia asinitaje, juu nilijua ukisikia jina langu hutaamini. Hakunitaja, na bado hukuamini."

Kamikazi alimuuliza kwa nini hakumwambia yeye kwanza. Emerance alimkumbusha kwamba alimwambia mara tatu. Mara ya kwanza kabla ya posa, mara ya pili alipoona barua ya Muhigirwa ya ukapera isiyo na muhuri mzuri, mara ya tatu Jumatano. Na mara ile ya tatu Kamikazi alimjibu kwamba ana roho ya bibi kizee wa filamu, yule anayesukuma watu kwenye ngazi.

Mwavita alitazama pembeni. Mtoto alikuwa ameshaanza kuokota maharage yaliyoruka nje ya ungo.

Emerance alisema mengine bila kuinua sauti. Alipotoka kanisani hakuja nyumbani kulia. Alikwenda polisi, akaeleza, akaacha majina mawili, la Muhigirwa na la aliyemleta, na rangi ya suti. Ndipo akaja kuvua nguo. Shamba hili, alisema, amelipalilia miaka ishirini bila jina lake kuandikwa popote, kwa sababu lilikuwa la mtoto wa kaka yake. Sasa mtoto wa kaka yake amemkabidhi mtu aliyemjua kwa miezi minane. Jumatatu anaweza kuja mgeni na futi ya kupimia, na yeye Emerance hana cha kumwonyesha.

Simu ya Emerance ililia. Aliisikiliza, akasema ndiyo mara mbili, akaikata.

Wamewakamata Ruhwa, kwenye mpaka wa Burundi. Mwanamume wa suti ya kijivu na mwanamke mwenye koti lake. Polisi wanamtaka mke aje aandike maelezo kabla ya jioni, la sivyo hawana sababu ya kuwazuia.

Kamikazi alimwomba shangazi waende pamoja.

"Nendeni," Emerance alisema. "Leo sina tena mwili wa kusimama mbele ya batu."

Walikodi teksi. Barabara iliteremka kuelekea Bugarama, joto likaongezeka, mashamba ya mpunga yakafunguka pande zote, na robe ya Kamikazi ikaanza kukauka na kukakamaa kwa tope. Kisha Mwavita akasema jambo ambalo Kamikazi hakulitegemea.

Alisema alimwogopa yeye, Kamikazi. Usiku mzima kabla ya harusi alimwogopa. Kule Bukavu naye alitazama mifululizo hiyohiyo, dirishani kwa jirani, akiwa amesimama na mtoto mgongoni. Na kwenye mifululizo, mwanamke wa pili ana kucha ndefu na kicheko kibaya.

"Nilijua nitakuta mutu wa kucha," alisema. "Nikakuta vidole vya sindano."

Kamikazi alivitazama vidole vyake vilivyotobokatoboka, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Alimpokea mtoto, akampakata mpaka usingizi ukamshika. Mwavita alimwambia jina la mtoto, Béatrice. Alimwambia pia kwamba Muhigirwa hapendi chumvi na hulala upande wa ukuta, mambo madogo, mambo yasiyo na picha wala muhuri, na Kamikazi aliamini kila moja. Siku hiyo alikuwa amepoteza mume na rafiki, lakini pale ndani ya teksi aliona kwamba angalau amepata mtu mmoja asiyemdanganya.

Walifika Ruhwa jua likiwa bado juu ya vilima. Malori yalikuwa yamepanga mstari. Muhigirwa alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya polisi, tai ameilegeza, macho makavu. Alipowaona wote wawili wanashuka gari moja, aligeuza uso upande wa malori.

Aurore alisimama.

Njia nzima Kamikazi alikuwa amejiandaa kuiona sura nyingine. Alidhani mtu akifichuliwa hubadilika, hukaza macho, hucheka, husema yote aliyoyaficha. Aurore alikuwa Aurore yuleyule, mwenye sauti ileile ya jioni.

"Kamikazi, umekula?"

Afadhali angemtukana.

Kamikazi alimuuliza swali moja tu, kama miaka yote miwili ilikuwa uongo. Aurore hakukwepa. Alisema kaka yake ana madeni kule yanayoweza kumuua, na hakuna mahali pengine angepata mlango wa kutokea. Kisha akasema lile ambalo Kamikazi anasema mpaka leo ndilo lililomuumiza kuliko karatasi ya notari.

"Haikuwa bongo, uongo hapana. Nilikupendaka. Ila ndugu ni ndugu."

Afisa mmoja, Kalisa, mtu mzima wa sauti ya chini, alimwita Kamikazi ndani atangulie kutoa maelezo. Aliingia, akaketi, akaanza kusimulia tangu siku Muhigirwa alipoletwa dukani. Dirisha lilikuwa wazi. Nje aliona Aurore akimsogelea Mwavita na kuanza kumwambia kitu kwa Kimashi, taratibu, bila hasira, mdomo karibu na sikio, kama alivyozoea kumwinamia yeye. Kamikazi hajui Kimashi. Neno moja tu alilolishika, lililorudiwa mara tatu: mwana, mwana, mwana.

Mwavita alikuwa anatikisa kichwa. Kisha akaacha kutikisa.

Kisha Aurore akanyoosha mikono, na mtoto Béatrice, yuleyule aliyemficha uso baba yake mbele ya kanisa zima, akaenda. Alikaa mapajani pa Aurore kama mtu aliyekaa hapo mara nyingi, akaanza kuchezea shanga za shingo yake.

Kamikazi aliacha sentensi katikati. Kalisa alifuata macho yake mpaka dirishani, hakuona kitu, akaita mwanamke wa pili aingie.

Mwavita aliingia peke yake. Alisimama karibu na mlango.

Kalisa alieleza kwa ufupi. Kuna mwanamume nje, anadaiwa kuwa na wake wawili kwa sheria. Kama ni kweli, atalala ndani, na ndoa ya Alhamisi pamoja na karatasi zake zitakwenda mahakamani. Kama si kweli, hana kosa kwake, ni mtu aliyetoka kwenye harusi yake akakimbia, na kukimbia harusi si jinai. Akauliza nani kati yao ni mke wa kwanza.

"Ni huyu," Kamikazi alisema. "Ameolewa naye miaka sita. Mimi nilidanganywa."

Kalisa akamgeukia Mwavita, kalamu mkononi. Akamuuliza kama mwanamume yule wa kwenye benchi ni mume wake.

Mwavita hakumtazama Kamikazi. Alitazama dirisha, shanga, vidole vidogo vya mtoto wake vikizihesabu moja moja.

"Hapana," alisema. "Miye simujui ule mutu. Nilitumwa."

Kamikazi alimwita kwa jina. Aliita mara mbili. Mwavita alikuwa ameshafungua mlango.

Kalisa aliandika kila neno, akapiga mstari chini yake. Kisha akaigeuza karatasi upande wa Kamikazi na kumsogezea kalamu.

"Basi mke wake kwa sheria ni wewe," alisema. "Weka saini hapa, umchukue mumeo mwende nyumbani."

Mlangoni, Muhigirwa alikuwa amesimama tayari, anavaa koti.